Kongani za viwanda zinaongezeka, lakini nani anajua jirani yake anatupa nini?

FundiBoila:

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefanya kazi kwenye vyumba vya boila kwa muda mrefu, na kuna jambo linaniuma kila nikipita barabara za viwandani hapa Dar. Kiwanda kinachoma mafuta mazito kupata mvuke, mvuke unafanya kazi yake, ukipoa unakuwa maji safi ya moto, na maji hayo yanamwagwa mtaroni yakiwa bado yanafuka. Mtaalamu atasema yangerudishwa kwenye boila ileile. Ni kweli, na hapo ndipo pa kuanzia. Lakini bomba la kurudishia likishatoboka na tajiri akaona matengenezo ni gharama, maji yanakwenda. Upande wa pili wa ukuta kuna kiwanda kingine kinachovuta maji baridi na kununua kuni lori kwa lori ili kiyachemshe kwa kuoshea chupa. Wamiliki wanakutana vikaoni, wanapeana mikono, wanalalamikia kodi na umeme. Hakuna anayemwuliza mwenzake: wewe pale kwako unamwaga nini?

Nimeleta uzi huu sasa kwa sababu tuko kwenye msimu wa kujenga kongani, yaani maeneo yanayokusanya viwanda vingi pamoja. Kwala inajengwa, Nala kule Dodoma ipo, na mwaka 2025 sheria mpya imeunganisha TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje) kuwa mamlaka moja, TISEZA. Huu ndio wakati wa kuamua nani akae karibu na nani kwa sababu ya mabaki yake, kabla zege halijamwagwa.

Hoja yangu ni hii: bomba na mitambo ya pamoja vinahitajika, lakini kinachounganisha viwanda ni mtu. Awepo mtu mwenye kazi hiyo na mshahara wa kazi hiyo, anayejua kila kiwanda kina mabaki gani, kiasi gani, yana unyevu gani na yanatoka siku zipi. Pasipo huyo mtu, mitambo ya mabilioni itakaa bure na taka zitaendelea kwenda dampo.

Mfano unaotajwa kila mahali ni Kalundborg, mji mdogo wa Denmark, ambako kituo cha umeme, kiwanda cha kusafisha mafuta, kiwanda cha dawa na cha mbao za jasi vimekuwa vikipeana mvuke, maji, gesi na jasi. Nautaja kisha niupite, maana mazingira yake na yetu ni mbali mno. Kumbukeni jambo moja tu: hakuna aliyechora mpango wote mezani. Ulijengeka kuanzia miaka ya 1960 na 1970 kwa mikataba ya wawili wawili, kila mmoja akitafuta nafuu yake.

Twende India, inakofanana zaidi na huku. Karibu na Mysuru, jimbo la Karnataka, kuna eneo la viwanda linaitwa Nanjangud. Kuna sukari, spiriti, nguo, vyakula na vinginevyo. Watafiti walipita kiwanda kwa kiwanda, na mwaka 2010 wakachapisha hesabu yao: mabaki karibu tani 900,000 kwa mwaka, na zaidi ya 99% yalikuwa yanatumika tena. Sehemu kubwa, kama 81%, ilitumika ndani ya kiwanda kilekile kilichoizalisha. Wenye viwanda vya sukari wanajua makapi ya miwa yanavyorudi kwenye boila. Yaliyobaki yalitoka nje kwenda kwa wakulima, viwanda vingine na wanunuzi wa mabaki, ambao baadhi yao hawana ofisi wala kibao. Hakuna wizara wala mfadhili aliyekuwa amepanga hilo. Watu waliona thamani wakaifuata.

Naroda ni habari nyingine. Hii iko Ahmedabad, jimbo la Gujarat, ina viwanda vingi vya kemikali na rangi za nguo. Wanakijiji wa bonde la mto Khari walikwenda mahakamani kwa sababu maji yao yalikuwa yameharibika. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Gujarat ikaviagiza viwanda 756 vya Naroda, Vatva na Odhav vilipe asilimia moja ya mauzo yao ya mwaka mzima. Hapo ndipo watu walipoanza kukaa meza moja. Chama cha wenye viwanda cha Naroda kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Kaiserslautern cha Ujerumani, wakachambua taka kwa aina: asidi iliyokwisha kutumika, jasi, tope la chuma, taka zinazooza.

Niwaeleze kuhusu hiyo jasi, maana inaonyesha kazi ilivyo. Kiwanda cha rangi kinabaki na asidi ya salfa iliyochoka. Ukiiua makali kwa chokaa unapata jasi. Kiwanda cha saruji kinahitaji jasi, kama asilimia 3 hadi 5 hivi, ili saruji isigande kabla fundi hajaipaka. Kwa maneno ni ndoa nzuri. Kwa vitendo, mwenye saruji anauliza: jasi yako imelowa kiasi gani? Ina rangi ndani? Mwezi huu unaniletea tani ngapi, na mwezi ujao? Mwenye rangi hajawahi kuyapima hayo, kwa sababu kwake ilikuwa uchafu tu. Lazima mtu akae katikati, apime, arudi, awapatanishe. Kazi hiyo bomba haliwezi kuifanya.

Wachina nao walipita njia yao. Mjini Guigang, jimbo la Guangxi, kuna kiwanda kikongwe cha sukari, Guitang, kilichoanza kazi miaka ya 1950. Makapi ya miwa yakawa karatasi. Molasi ikawa spiriti. Mabaki ya spiriti yakawa mbolea, mbolea ikarudi kwenye mashamba ya miwa. Tope jeupe la kutengeneza karatasi likaenda kwenye saruji. Mwaka 2001 serikali ikaitangaza Guigang kuwa kongani ya mfano ya kitaifa. Tofauti yao ni kwamba karibu vyote hivyo vilikuwa chini ya kampuni moja, hivyo hapakuwa na ugomvi wa bei kati ya majirani. Sisi hatuna bahati hiyo. Kongani zetu zitakuwa na Mchina, Mhindi, Mturuki na Mswahili, kila mmoja na hesabu zake.

Karibuni tujadili.

MfugajiWaGoba:

Shukrani kwa uzi, mkuu. Mimi nazungumza kama mnunuzi wa mabaki. Ng'ombe wangu wa maziwa wanakula machicha ya bia. Ukitaka kuona soko la taka, nenda langoni alfajiri: pikapu, Kirikuu, watu na mapipa yao, kila mtu anataka ajaze awahi. Machicha hayasubiri. Ukiyaacha juani siku mbili yanachacha, ya tatu yana ukungu, ng'ombe anayakataa au anaugua.

Shida yangu ni moja. Zamani tulikuwa tunachukua wenyewe. Baadaye akaingia dalali akapewa mzigo wote, sasa sisi tunanunua kwake. Taka ilipopata thamani, mfugaji mdogo akasukumwa nje ya foleni. Je, hao waunganishaji wako watatulinda vipi?

FundiBoila:

Mkuu, umegusa mahali penye uchungu. Kiwanda kinapenda mnunuzi mmoja kwa sababu kinataka kesho mzigo uondoke hata mvua ikinyesha. Hakina ubaya na wewe, kinaogopa kubaki na tani za machicha zinazonuka uani. Njia iliyobaki kwenu ni kuungana. Wafugaji wakiwa na ushirika wenye gari lao na mkataba wa kuchukua kiasi fulani kila siku, dalali hana neno.

Kingine, machicha yakitoka kiwandani karibu asilimia 80 ni maji. Mnalipia usafiri wa maji! Yakikaushwa yanakaa miezi na yanafika hadi Morogoro. Kukausha kunahitaji joto, na joto ndilo lile ninalolilalamikia hapo juu, linalopotea kwenye mabomba ya moshi na mitaro ya jirani. Kikausho kikijengwa ukutani mwa mwenye joto la ziada, viwanda viwili na mfugaji wote wamepona. Hii siyo teknolojia ngumu. Ni suala la nani amekaa karibu na nani.

Nyanza_Mwl:

Wadau, naomba nilete upande wa Mwanza. Kwenye viwanda vya sangara, baada ya kutoa minofu zaidi ya nusu ya uzito wa samaki inabaki. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, yanakwenda China kwa bei inayozidi mnofu wenyewe. Mafuta yanayeyushwa. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, ndiyo mboga ya watu. Akina mama wanayanunua, wanayakaanga au kuyabanika, wanauza mitaani.

Sasa akija mwekezaji wa chakula cha kuku akasema "nachukua mapanki yote nisage", kwenye karatasi zenu itaonekana ni ushirikiano mzuri kati ya viwanda viwili. Mama muuza mapanki hayumo kwenye karatasi hiyo. Na mtoto aliyekuwa anapata kitoweo jioni naye hayumo. Naomba mlizingatie, maana wataalamu wanahesabu tani tu.

FundiBoila:

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa moyo wote. Kinacholiwa na watu kiwe cha watu kwanza. Halafu mifugo, halafu ardhi kama mbolea, na boila iwe ya mwisho kabisa. Ningependa hilo liandikwe kwenye kanuni za kongani. Pale Nanjangud watu wadogo walikuwa ndani ya mfumo uliokuwa unafanya kazi. Ukiwatoa ili uingize kampuni moja yenye magari mapya, unaweza kubomoa kilichokuwa kinafanya kazi.

Mkemia_TZ:

Samahani kwa kuwaharibia mazungumzo mazuri, lakini lazima mtu aseme. "Taka ya huyu ni malighafi ya yule" ni maneno yanayoweza kuua watu.

Angalieni Hazaribagh, Dhaka, Bangladesh. Viwanda vya ngozi vilikuwa vinabaki na vipande vya ngozi iliyotengenezwa kwa kromu. Wajasiriamali wakavichukua, wakavichemsha, wakavikausha juani, wakavisaga kuwa chakula cha kuku na samaki. Kwa lugha ya uzi huu ni mfano safi: hakuna kinachotupwa, ajira zipo, bei ni nafuu. Ila kromu, metali inayoweza kudhuru afya, inatembea kutoka kwenye ngozi hadi kwenye kuku hadi sahanini. Viwanda vilikuja kuhamishiwa Savar, nje kidogo ya jiji, mwaka 2017, na huko nako mtambo wa kusafisha maji taka ukaleta malalamiko yake.

Huku kwetu naona mapipa ya kemikali yanauzwa sokoni watu wanahifadhia maji ya kunywa. Oili chafu inauzwa kuwa mafuta ya kuchomea. Nani anapima? Sheria ya Mazingira ya 2004 ipo, NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, wapo, lakini muuza pipa hajui hata lilibeba nini.

FundiBoila:

Hujaharibu, mkemia. Umeweka msumari panapotakiwa. Nilisema mtu wa katikati awe na orodha. Niongeze: awe na maabara, au mkataba na maabara. Kila mzigo unaotoka uwe na cheti kinachosema umebeba nini na hauruhusiwi kwenda wapi. Na kuna vitu visiuzwe kabisa: kromu, zebaki, mapipa ya viuatilifu, mafuta ya transfoma za zamani. Hivyo ni vya kuharibiwa kitaalamu kwa gharama ya aliyevizalisha. Kongani ina faida hapa: lango ni la pamoja, mizani ni ya pamoja, kinachotoka kinaonekana. Kiwanda kilichojificha uchochoroni ndicho kigumu kukifuatilia.

Wafula_Magharibi:

Ndugu zangu, salamu kutoka Kenya. Sisi tumeona raha ya jambo hili na tumeona kilio chake, palepale.

Kampuni ya sukari ya Mumias ilikuwa fahari yetu. Mwaka 2009 wakawasha mtambo wa umeme wa makapi ya miwa, megawati 35 hivi, nyingine zikauzwa kwenye gridi. Mwaka 2012 wakafungua kiwanda cha ethanoli cha kutumia molasi. Tukasema sasa hapa hakuna kinachopotea. Lakini miwa ilipopungua na madeni yalipozidi, sukari ikasimama. Sukari iliposimama hapakuwa na makapi, kwa hiyo umeme ukazima. Hapakuwa na molasi, ethanoli ikakauka. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali aliyewekwa kwa ajili ya wanaoidai. Mkulima wa miwa ndiye aliyebaki na deni na shamba la miwa iliyokomaa kupita kiasi.

Kwa hivyo swali langu: mkifunganisha viwanda hivi, kimoja kikianguka si vyote vinakwenda nacho?

FundiBoila:

Ndugu Wafula, pole sana kwa wakulima wa huko, na swali lako ndilo gumu kuliko yote humu. Jibu langu ni kwamba hakuna kiwanda kinachopaswa kutegemea mabaki ya jirani mmoja bila mlango wa pili. Boila iweze kuchoma makapi ya miwa na pia pumba za mpunga au maranda. Mwenye ethanoli awe na mikataba ya molasi na viwanda viwili au vitatu. Guitang wenyewe walikuwa wanapokea makapi na molasi kutoka viwanda vingine vidogo vya sukari. Mkataba useme notisi ni miezi mingapi mtu akitaka kufunga. Na bei isiwekwe chini kiasi kwamba anayetoa akipata mteja mwingine anamkimbia mwenzake.

Kenya yenu ina mfano mwingine ninaoupenda. Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kupasha joto vibanda vyake vya kukuzia maua kwa jotoardhi la kisima cha Olkaria, na hewa ya ukaa inayotoka na mvuke ikaingizwa vibandani kulisha maua. Usiku wa baridi kule unyevu unaleta ukungu kwenye waridi. Joto linakausha hewa, dawa za ukungu zinapungua. Hapo anayetoa joto ni ardhi yenyewe, haifilisiki.

Binti_Mabibo:

Wakuu, mimi nimefanya kazi kiwanda cha nguo kilicho eneo la EPZ, yaani eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje. Kila siku tunafagia vipande vya vitambaa, magunia kwa magunia. Watengeneza magodoro na mito wanavitaka. Lakini kitu kikitoka ndani ya uzio kwenda soko la ndani kinahesabiwa kama kinaingizwa nchini, kwa hiyo forodha lazima wahusike, makaratasi, ushuru. Msimamizi wangu aliona usumbufu, akasema vichomwe. Tulikuwa tunachoma pamba safi kabisa. Roho inauma.

FundiBoila:

Dada, hiki ulichokiandika ningetamani TISEZA na TRA wakisome neno kwa neno. Kinachohitajika ni utaratibu mwepesi wa mabaki: kiwango cha ushuru kinachojulikana, ombi la mara moja kwa mwaka badala ya kila gunia, mizani ya langoni ithibitishe. Vietnam waliona tatizo la aina hii wakaingiza kongani za kiikolojia na ushirikiano wa viwanda kwenye amri ya serikali ya mwaka 2018, kisha wakaibadilisha kwa amri mpya mwaka 2022. Sheria inayoruhusu viwanda vipeane mabaki inamwondolea meneja hofu ya kwamba akimsaidia jirani atakamatwa.

Kuna mdau amenitumia ujumbe pembeni kuuliza kuhusu Hawassa, Ethiopia, kwamba mbona wao walianza na mtambo na si mtu. Ni kweli. Kongani ya Hawassa ilizinduliwa 2016 ikiwa na mtambo wa pamoja wa kusafisha maji taka ya nguo na kuyarudisha viwandani, bila kumwaga kitu ziwani. Ziwa Hawassa halina mto unaotoka, kwa hiyo uchafu ukiingia unabaki humo. Pale mtambo ulikuwa sharti, na nawapongeza. Lakini mtambo wa pamoja unalipiwa na waliopo. Mwishoni mwa 2021 mwekezaji mkubwa, PVH, kampuni ya nguo ya Marekani, alifunga kiwanda chake, na Januari 2022 Ethiopia ikatolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Gharama za kuendesha utando wa kuchujia maji na pampu hazipungui kwa sababu mpangaji ameondoka. Ukijenga mtambo, ujenge kwa vipande vinavyoweza kuzimwa na kuwashwa kufuatana na waliopo.

Na kwa wanaosema huyo mtu wa katikati ni ndoto: Cape Town wanaye. GreenCape, shirika lisilotafuta faida, wanaendesha mpango wa namna hiyo jimbo la Western Cape tangu 2013, kampuni zinajiunga bila malipo, wataalamu wanapita viwandani na kuandaa mikutano watu wataje walicho nacho na wanachokitaka. Unakuta mezani mmoja ana mapaleti yaliyovunjika, mwenzake anatafuta mbao za kusaga. Hakuna sababu Kwala isiwe na dawati kama hilo tangu mpangaji wa kwanza anapoingia.

Tanga nao wasisahaulike. Kwenye jani la mkonge nyuzi ni asilimia chache tu, kilichobaki karibu chote kilikuwa kinatupwa. Pale Hale walijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa biogesi na umeme. Ujuzi tunao hapahapa nyumbani.

Dogo_Fuso:

Mkuu, nimesoma wote mwanzo mwisho. Mimi sina kiwanda, nina Fuso moja na vijana wawili. Naanzia wapi?

FundiBoila:

Dogo, anza na mtaa mmoja wa viwanda, usizunguke mji mzima. Ofisi kuu iache kwanza, muone mtunza stoo na msimamizi wa zamu; wao ndio wanaojua kinachotupwa. Waulize mambo manne: ni kitu gani, kilo ngapi kwa siku, kinatoka kikiwa kikavu au kimelowa, na sasa hivi wanamlipa nani akiondoe. Hilo la mwisho ndilo faida yako ilipo, maana kiwanda kinacholipia kutupa kitakusikiliza haraka.

Chukua sampuli kwenye ndoo yenye mfuniko, andika tarehe na jina la kiwanda. Kama ina harufu ya kemikali au rangi usiyoielewa, iache mpaka ipimwe. Kisha tafuta mnunuzi kabla hujachukua mzigo wa kwanza. Kibali cha kubeba taka kifuatilie halmashauri na NEMC mapema. Ukipata kiwanda kimoja na mnunuzi mmoja wanaoelewana, rudi hapa utuambie umekutana na nini, na Mkemia atakusaidia kwenye vipimo.